Kiti Kilichopigwa Durabo

Tangazo alikuwa katikati ya kichekesho, mkono mmoja hewani, mwingine umeshika randa, pale jirani mmoja alipochungulia ndani ya karakana na kusema Mama Pindo kaanguka, kavunjika mkono.

"Kaangukia wapi?" Mjomba akauliza.

"Kwake. Tangu juzi. Alikuwa anashona. Mkono wa kulia, umevunjika hapa." Jirani akagusa juu kidogo ya kiganja chake. "Wamemfunga plasta mpaka kwenye kiwiko."

"Aliteleza?"

"Mwenyewe anasema aliteleza. Ila kiti chake nimekiona kipo uani, mguu mmoja hakina."

Msasa, jamaa wa kupiga vanishi, akaiacha brashi izame ndani ya kopo. Mjomba akavua miwani, akaifuta kwa shati lenye vumbi la mbao, akaivaa ikiwa chafu kuliko mwanzo. Tangazo naye akaushusha mkono wake polepole. Kichekesho kikamfia mdomoni. Kati ya wote waliokuwa pale, yeye peke yake ndiye aliyejua, bila kuambiwa, ni mguu gani.

Wa nyuma, kushoto.

Jina la Tangazo alitoka nalo chuoni. Alikuwa anasomea lugha, anakaribia kabisa kumaliza, asubuhi moja akabandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha mtihani: mtihani umesogezwa hadi saa tisa alasiri. Aliiandika vizuri, na mhuri wa kuchora kwa kalamu ya bluu. Nusu ya darasa wakarudi kulala. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini chuo hakikucheka hata kidogo. Akarudi nyumbani na begi, godoro na nusu ya digrii. Mama yake akamkokota hadi kwa kaka yake. "Kaka, huyu hapa mpwa wako. Mpe hata kazi ya kufagia maranda, mradi asikae nyumbani ananichekesha wakati nina hasira naye."

Mjomba alikuwa anatengeneza viti. Viti tu. Ukimtaka kitanda anakuonyesha kwa kidole karakana ya pili. Na viti vyake vilijulikana mji mzima kwa sababu ya neno moja.

Neno lenyewe lilikuja kwenye sanduku la vifaa alilonunua zamani, Tangazo akiwa bado anavaa kaptula ya shule. Ubavuni mwa sanduku palikuwa pamechomwa moto herufi kubwa: DURABLE. Mjomba akamwita mpwa wake asome. Tangazo akatanua kifua. "Ni Kiingereza, Mjomba. Maana yake kitu imara, kinachodumu. Nguvu yake haiishi leo wala kesho."

Mjomba akalizunguka lile sanduku kama mtu anayekagua ng'ombe. "Walipoliandika hivi lilikuwa jipya?"

"Ndiyo, si lilitoka kiwandani."

"Sasa walijuaje?"

Tangazo akakuna kichwa.

Mjomba akaenda kwa fundi wa kuchomelea, akatengenezewa chuma chenye neno lile lile, kina mpini mrefu kama wa koleo. Ila akajiwekea utaratibu wake. Kiti hakitoki karakana na neno. Unakichukua hivyo hivyo kitupu, unakikalia, watoto wanakirukia, wageni wanakiegemea kwa miguu miwili ya nyuma, mvua zinakuja, kiangazi kinakuja. Mwaka ukiisha, mtu wa karakana anakufuata nyumbani na chuma. Anakipindua kiti, anakigonga, anakikalia, anakitikisa, anakisikiliza. Kikinyamaza, chuma kinaingia kwenye jiko lako la mkaa mpaka kiwe chekundu, na neno linachomwa kwenye mgongo wa kiti mahali ambapo kila mgeni atalisoma. Kikilia, kinarudi karakana, kinatengenezwa, mwaka wake unaanza upya.

Watu wakalipenda neno wakalifanya lao. Durabo. "Chako kimeshapigwa durabo?" "Changu bado, miezi haijatimia." Halafu neno likatoka kwenye viti likaanza kutembea mitaani. Maharusi wakipita wanashikana mikono, utasikia: "Punguzeni mbwembwe, hamjapigwa durabo!" Mzee akiinuka huku amejishika kiuno: "Magoti haya yalishanyang'anywa durabo." Msasa alipoachwa na mchumba wake, alichosema ni kwamba mti ulikuwa mbichi.

Na mbebaji wa chuma alikuwa Tangazo, kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa anakwenda nacho begani kama askari wa gwaride. Akifika anakusanya majirani, anashika mgongo wa kiti, anatoa sauti ya mtu anayefungisha ndoa: "Je, wewe kiti, unakubali kumbeba mama huyu, akiwa mwembamba na akiwa mnene, akiwa na wageni na akiwa peke yake?" Watu wanaanguka. Halafu moshi, harufu ya mbao inayoungua, vigelegele.

Kwa Mama Pindo mambo yalikuwa hivyo hivyo. Alikuwa mjane mwenye mwili wake, mshonaji wa sare za shule. Jirani yake wa ukuta alishapigiwa durabo kabla yake, na alimtambia hadi basi. Kwa hiyo siku ile Mama Pindo alivaa gauni jipya. Jiko lilikuwa limewaka. Majirani walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Tangazo akakipindua kiti, akakigonga, akakikalia, akakitikisa.

Kwii.

Kidogo tu. Mguu wa nyuma, kushoto. Watu walikuwa wanaongea, hakuna aliyesikia. Akatikisa tena. Kwii.

Mawingu yalikuwa yamefunga. Kiti kile angekibeba kichwani kutoka pale hadi karakana, na jioni ile kulikuwa na mpira. Akamtazama Mama Pindo, kasimama na gauni lake, mikono kaifumbata kama mtoto anayengoja zawadi.

"Mama, nipatie kipande cha sabuni. Mikono imejaa vumbi."

Akapewa kipande cha bluu, cha kufulia. Akainama kama anayekagua, akakisugua pale ulimi wa mguu unapoingia kwenye tundu lake, akakandamiza kwa dole gumba, akafuta. Akatikisa. Kimya. Karibu acheke mwenyewe, ujanja ulikuwa mtamu. Moyoni akasema wiki ijayo nitapita na gundi, nakirekebisha kimya kimya, nani atajua. Halafu akasimama akafungisha ndoa.

Wiki ijayo ilikuja ikapita. Ikaja nyingine. Alisahau kama mtu anavyosahau mwavuli jua likitoka.

"Vaa viatu," Mjomba alimwambia sasa. "Twende tukamwone."

Mama Pindo walimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya cherehani isiyofanya kazi. Mkono wa plasta ulikuwa umelazwa juu ya rundo la sare zilizokatwa, kola hazina, mikono hazina. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

"Karibuni, jamani. Mtanisamehe, viti ndiyo hivyo tena," akasema, akacheka kidogo.

"Pole sana, dada," Mjomba akasema. Akachuchumaa. "Nimekuja kuomba radhi. Kiti changu kimekuangusha."

"We! Usikisingizie kiti." Mama Pindo akapunga mkono mzima. "Kile ni durabo, kimeandikwa, mtaa mzima uliona. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Si huu mwili? Hamuoni? Nimeachia mno. Huyu mwanangu mwenyewe alisema siku ile, akiwa mwembamba na akiwa mnene. Nikacheka pale, kumbe mtoto ananiambia kistaarabu." Akashusha sauti. "Sasa usiku sili. Nakunywa maji, nalala. Nimechelewa, lakini nimeanza."

Tangazo akahisi uso unamwaka. Ule mstari alikuwa anausema kwenye kila nyumba. Aliusema hata kwa bibi mmoja mwembamba kama uzi.

"Mama," akaanza. "Mama, kile kiti kilikuwa kinalia siku ile. Mimi nilisikia. Nikakipiga durabo hivyo hivyo."

Alisema kweli tupu. Lakini sauti iliyomtoka ilikuwa ile ile ya siku zote, ina kicheko kimejificha nyuma ya meno, na nyusi zake zikapanda zenyewe kwa mazoea. Mama Pindo akamtazama, mashavu yakaanza kutikisika, akaushika mkono wa plasta.

"Usinichekeshe, wewe! Unauma! Eti kilikuwa kinalia. Kilikuwa kinamlilia nani?"

"Mpwa wangu, kuwa na adabu," Mjomba akamwambia mpwa wake. "Kuna mahali pa utani na hapa sipo."

Pale pale Tangazo angeweza kusema tena. Angekaza sauti kidogo tu. Badala yake akaachama, akafunga mdomo, akacheka nao. Kicheko kiliposhuka kooni kilikuwa baridi na kitamu, kama cha mtu aliyeponea chupuchupu.

Mlangoni akabisha mwanamke mwenye kitenge begani. Akampa pole Mama Pindo, akamuulizia dawa, akamsifia plasta ilivyofungwa vizuri, yote hayo bila kumtazama usoni. Halafu akasema, "Nilikuwa nasema... vile vitambaa vya wanangu, dada. Shule nazo hazingoji."

"Vichukue tu, mama. Vipo pale chini. Vile viwili nilishavikata."

Alivichukua. Hakuwa wa kwanza. Rundo lilikuwa limeshapungua upande mmoja, kama mkate uliomegwa. Mama Pindo akamsindikiza kwa macho hadi nje, kisha akaanza kuzungumzia mvua.

Njiani Mjomba alibeba kiti, Tangazo akabeba mguu uliovunjika. Walitembea hadi kwenye kona ya mashine ya kusaga.

"Ulikikagua wewe," Mjomba akasema. "Na masikio yako nayaamini, ni ya kijana. Kama kilinyamaza kwako, kilikuwa kizima."

Tangazo akabadilisha mguu wa kiti kutoka mkono huu kwenda huu.

"Basi hata mwaka hautoshi. Tunawadanganya watu. Mama wa watu amevunjika mkono, na bado anajilaumu mwenyewe kwa sababu ya neno nililomwandikia mimi." Akapumua. "Jumamosi nakipeleka kile chuma kwa fundi wa kuchomelea. Akikate, anifanyie bawaba za mlango wa uani. Angalau mlango hausomwi."

Siku zile zilizobaki Tangazo hakuchekesha mtu. Msasa akadhani anaumwa. "Meza dawa ya minyoo," alimshauri. Usiku Tangazo alipoletewa sahani yake, alikuwa akimwona Mama Pindo na kikombe chake cha maji, na sahani anairudisha haijaguswa. Akajaribu kufanya mazoezi ya kusema, peke yake chooni: Mjomba, nina jambo. Kila mara ilitoka kama mwanzo wa kichekesho. Alianza kujiuliza kama ana sauti nyingine yoyote.

Ijumaa mchana chuma kilikuwa tayari kimefungwa kwenye gunia, kimeegemezwa mlangoni. Mjomba akaweka mguu uliovunjika mezani mbele ya mpwa wake.

"Upasue hapo juu utazame. Labda mti ulikuwa na kidonda ndani. Nataka nijue kosa langu kabla sijalala." Akatoka kwenda bombani kunawa.

Msasa alikuwa amefuata chai. Tangazo akabaki na mguu na patasi. Mti haukuwa na kidonda chochote. Kwenye ulimi wa mguu, pale ulipochomoka, kulikuwa na utando wa bluu uliokauka, mwembamba kama ganda la kitunguu. Ungepita mkwaruzo mmoja, habari ingekwisha. Maji ya bombani yalikuwa bado yanasikika.

Akaweka ncha ya patasi. Akakwaruza. Kipande kidogo cha bluu kikajikunja, kikaanguka mezani, na harufu ikapanda: sabuni, nguo zilizokaushwa juani, chumba cha Mama Pindo, yule mama na gauni lake jipya amefumbata mikono. Tangazo akaweka patasi chini mbali naye, kama kitu kinachoweza kumrukia.

Mjomba akarudi anakung'uta maji. "Haya. Umeona nini?"

Tangazo akamnyooshea mguu. "Nusa."

"Ninuse mti?"

"Nusa, Mjomba."

Mjomba akanusa. Akausogeza kwenye mwanga, akanusa tena. "Sabuni."

"Ya Mama Pindo. Nilimwomba ninawe mikono."

Mjomba akamtazama usoni muda mrefu, jicho moja limefinywa, kama anayetazama ubao umepinda wapi. Alikuwa anangoja. Alimjua mpwa wake.

"Tangazo," akasema mwishowe, na hakuwahi kumwita kwa jina hilo. "Hapa natakiwa kucheka wapi?"

"Hapana pa kucheka, Mjomba."

"Ulisikia kinalia."

"Nilisikia."

"Ukakiziba mdomo."

"Ndiyo."

Mjomba akakaa juu ya benchi. Mikono yake mikubwa ikalala mapajani kama vyombo vilivyokwisha kazi. Tangazo akangoja kofi. Angelipokea kwa shukrani.

"Kilikuwa kinalia kwa nguvu?"

"Kidogo tu. Kwii."

"Kidogo." Mjomba akatikisa kichwa. "Kidogo hiyo ni gundi na kabari ndogo ya mti. Kabla ya chai ningekuwa nimemaliza." Hakusema kwa hasira. Hapo ndipo Tangazo alipotamani ardhi ipasuke. "Na mimi nalala macho, najiuliza mkono wangu umezeeka lini. Si ungesema siku ile tulipokwenda kumpa pole mama?"

"Nilisema."

"Ulisema kama unavyosema kila kitu."

Msasa akaingia na chai, akawatazama wote wawili, akatoka tena na chai yake.

Kwa Mama Pindo Tangazo alikwenda peke yake jioni ile ile. Hakubeba kitu. Alipiga magoti sakafuni kwa sababu hakujua mikono yake aiweke wapi akiwa amesimama, na akaeleza kuanzia mawingu, mpira, hadi kipande cha sabuni. Mara mbili Mama Pindo alianza kutabasamu, na mara mbili Tangazo akasema, "Siyo utani, mama," mpaka tabasamu likaacha kujaribu.

Kisha akauliza, polepole, "Kwa hiyo si mwili wangu?"

"Si mwili wako, mama."

"Siku zote hizi nalala na maji tumboni."

"Ndiyo, mama."

"Njaa inanipigia ngoma usiku kucha! Najiambia vumilia, mwanamke, ulijitakia mwenyewe!" Mkono wake wa kushoto ukapapasa juu ya cherehani, ukakuta rula ya kupimia, ile ndefu ya mbao. Ikatua begani kwa Tangazo. Mkono wa kushoto haukuzoea, pigo la pili likakosa, likapiga ndoo. "Watu wamechukua vitambaa vyao! Nawaambia chukueni tu, kosa ni langu! Nimekuamini wewe nikajidharau mimi!"

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa plasta, plasta ikamkwaruza, akazidi kukasirika. Tangazo hakuinua kichwa. Nje jirani aliacha kutwanga ili asikie vizuri.

Alipotulia, Mama Pindo akapuliza pua. "Kesho asubuhi njoo hapa."

"Nije kufanya nini?"

"Mkono mimi sina. Utakuwa wewe."

"Mama, sijawahi kushona maishani mwangu."

"Na mimi sijawahi kuvunjika maishani mwangu. Tutajifunza." Akainuka kwenda jikoni. "Sasa ondoka, nataka kula. Na sikukaribishi."

Chuma hakikwenda kukatwa. Mjomba alikitoa kwenye gunia Jumamosi asubuhi, akakitundika kwenye msumari wake, akasema kuanzia leo kitabebwa na Msasa, ambaye hana maneno mengi. Kiti cha Mama Pindo akakiwekea mguu mpya. Lile neno lililochomwa mgongoni akamwachia Tangazo alitoe kwa randa. Tangazo akaranda, maranda meusi yakaanguka, akaranda tena. Chuma kilikuwa kimezama. Herufi zikafifia zikawa kivuli cha kahawia, lakini kila aliyejua pa kutazama angelisoma.

"Acha," Mjomba akasema. "Ukiendelea utakimaliza kiti chenyewe."

Kwa hiyo kikarudi kwa Mama Pindo hivyo hivyo, na kivuli chake, mwaka wake unaanza upya. Mama Pindo akakaa juu yake kama malkia, Tangazo akakaa mbele yake juu ya ndoo, miguu kwenye kanyagio la cherehani, anashona anavyoamriwa.

"Kola hiyo imepinda. Fumua."

"Mama, kidogo tu."

Tangazo akachukua wembe, akafumua.

Vitambaa vilianza kurudi, kimoja, viwili, na wenye vitambaa wakaja pia kuangalia sinema ya bure. Yule jirani wa ukuta akaegemea mlango, mikono kiunoni.

"Mama Pindo, hongera, naona umepata mkono mpya! Vipi, huo nao ni durabo?"

"Huu?" Mama Pindo akamtazama Tangazo kutoka kisogoni hadi mgongoni. "Huu bado mbichi. Mje baada ya mwaka, tuugonge tusikie."

Watu wakaangua kicheko. Tangazo alikuwa na jibu. Lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi, zuri, lenye chumvi ya kutosha, lingewaangusha wote mlangoni pale. Lakini Mama Pindo, kwa kucheka, alijitupa nyuma akaegemea kiti kwa uzito wake wote, na Tangazo akatoa mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza, naye akatega sikio.